Uaminifu wa Mchonga Vinyago

Siku moja, katika kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu swali ambalo mwalimu huliuliza akiwa na jibu lake mfukoni. Niliwauliza uongo ni nini. Walijibu kwa haraka, kama watu wanaojibu hesabu ya mbili mara mbili, kwamba uongo ni kusema jambo ambalo msemaji anajua kuwa si kweli. Niliandika jibu hilo ubaoni, nikalipigia mstari, kengele ikalia, na darasa likatawanyika. Kijana mmoja tu alibaki nyuma, akijifanya anapanga vitabu vyake. Wenzake walipokwisha kutoka alinikaribia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, na kama mtu hakusema neno lolote, ila mkono wake ndio uliosema?"

Sikumwelewa, nikamtaka anieleze. Badala ya kueleza alinyosha mikono yake mbele yangu. Kucha zake zilikuwa na weusi pembeni, na mistari ya vidole vyake ilikuwa myeusi pia, kama vidole vya mtu aliyepigwa chapa kwenye kituo cha polisi. Mara mbili muhula ule nilikuwa nimemkemea mbele ya darasa kwa uchafu wa mikono. Akasema, "Ni rangi ya viatu, mwalimu. Haitoki upesi."

Wazazi wa kijana huyo wametoka Ukamba, nao wamepanga nyumba Kangemi, upande wa magharibi wa Nairobi, mahali ambapo barabara ya Waiyaki hupita ikielekea Naivasha na Nakuru. Msomaji asiyepajua na afikirie kilima chenye nyumba zilizobanana, nyingine za mawe na nyingine za mabati, zikiteremka kutoka barabarani hadi bondeni. Na si mbali na hapo, mwendo ambao mtu huweza kuutembea kwa miguu, pana mitaa ya Loresho na Lavington yenye bustani pana na malango yanayolindwa. Watu wengi wa Kangemi huenda kila asubuhi kufanya kazi katika bustani hizo na jikoni mwa nyumba zile. Jamaa wa kijana huyu hawaendi. Wao huchonga vinyago vya wanyama, na vinyago hivyo ndivyo vinavyokwenda mbali: humfikia mchuuzi mmoja mjini, naye huvitia katika makasha na kuvipeleka ng'ambo.

Nilikwenda kuwatembelea Jumamosi iliyofuata. Sikwenda kama hakimu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa sababu ya zile kemeo mbili, ambazo zilikuwa zinanisumbua. Karakana yao ni mabati manne yaliyoegemezwa ukutani, sakafu yake ni vipande vya mbao juu ya mbao, na harufu ya mti mbichi huipata kabla hujafika. Baba mdogo wa kijana alikuwa akikata magogo kwa msumeno kwa kipimo cha urefu wa mnyama. Baba mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kigoda, tezo mkononi. Mama alikuwa na msasa, na mabinti wawili wadogo walikuwa wakivifunga vinyago vilivyokwisha katika magazeti ya zamani.

Sijawahi kuona tezo ikitumiwa kwa uhodari kama ule. Mzee yule hachori mstari wowote juu ya gogo. Huligeuza mara moja au mbili, kama mtu anayemkagua mbuzi sokoni, kisha huanza kupiga, na kila pigo huondoa kipande kimoja wala si viwili. Katika muda mfupi gogo lilikuwa na mgongo, kisha shingo, kisha pembe mbili ambazo zilikuwa bado ni pembe moja nene. Hapo huiweka tezo chini na kuchukua kisu kidogo. Nilimwuliza ni kazi gani asiyoweza kumwachia mtu mwingine. Akasema ni shingo ya swala. "Shingo ikikosewa," alisema, "atakuwa mbuzi." Baada ya kisu hufuata tupa, baada ya tupa hufuata msasa wa kukwaruza na msasa laini, na mwisho nta. Swala mmoja hupita katika mikono ya watu watano kabla hajafungwa gazetini, na hakuna hata mmoja kati yao anayetia jina lake.

Kabla sijafika kwenye rangi ya viatu, ni lazima niseme neno juu ya shutuma nyingine ambayo huwaangukia watu wa kazi hii, maana nimeisikia hata katika chumba cha walimu. Husemwa kwamba kazi yote ya vinyago vya kuuzia wageni ni uongo mtupu, kwa kuwa mgeni hudhani ananunua mila ya kale ya kabila, kumbe ananunua kitu ambacho hakuna Mkamba aliyepata kukiweka nyumbani kwake. Anayesema hivi ana nusu ya ukweli. Wakamba wa zamani walichonga, tena kwa ustadi: walichonga vigoda vyenye kutiwa nyaya za mapambo, mizinga ya nyuki, miiko, na pinde. Lakini twiga na swala wa kuuza walikuja baadaye. Mwanzilishi anayetajwa sana ni Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye katika vita vya 1914 hadi 1918 alifika Tanganyika, na huko akaona na kujifunza uchongaji wa sanamu. Wengine husema alijifunza kwa Wazaramo, wengine husema kwa Wamakonde. Aliporudi Wamunyu alichonga, jirani zake wakajifunza kwake, na wana wao wakajifunza kwao, hata ufundi ukaenea Machakos, Nairobi na Mombasa. Gikomba pakawa na wachongaji wengi, na huko Changamwe, karibu na uwanja wa ndege wa Mombasa, wachongaji wa Kikamba wakawa na chama chao cha ushirika.

Basi, je, ufundi ulioanza katika vita vya kwanza vya dunia ni uongo kwa sababu si wa kale? Sioni kwa nini. Mahindi hayakuwa ya kwetu, na leo hakuna anayesema kwamba anayekula ugali anadanganya. Mila yoyote ilianza siku fulani kwa mtu fulani, ila siku hiyo imesahauliwa. Tena hata mnunuzi hafanyi kazi bure katika jambo hili, kwani mara nyingine mkono wake husaidia kuzaa kitu kipya. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walimpata Dar es Salaam mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyevipenda na kuvinunua vinyago vyao. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 mchongaji mmoja, Samaki Likankoa, kinyago chake kilivunjika, na badala ya kukitupa, kile kilichobaki kikatazamwa kwa jicho jipya, na kutokana na hicho vikazaliwa vile vinyago vya mashetani ambavyo leo vinajulikana duniani kote. Kuchonga kwa ajili ya mgeni kulimfungulia mtu yule mlango ambao pengine asingeuona.

Kwa hiyo nawaomba wale wenzangu wa chumba cha walimu waiache shutuma hiyo. Kumchongea mgeni kitu anachokipenda si dhambi, kama vile si dhambi kwa mshonaji kushona nguo ambayo yeye mwenyewe hawezi kuivaa.

Lakini rangi ya viatu ni jambo jingine.

Nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapaonekani kutoka njiani, palikuwa na beseni, vitambaa, na makopo ya rangi nyeusi ya viatu. Hapo ndipo kijana wangu alipokuwa akifanya kazi yake jioni baada ya masomo. Vinyago vilivyochongwa kwa mti wa mjakaranda, ambao ndani yake ni mweupe, hupakwa rangi hiyo, huachwa vinywe, hupakwa tena, kisha husuguliwa mpaka ving'ae. Vikitoka hapo ni vyeusi, na mtu asiyejua huviita vya mpingo. Mchuuzi wa mjini alikuwa ameagiza vinyago 60 vya swala, akataka vyote viwe vyeusi. Hakusema viwe vya mpingo, wala baba wa kijana hakusema kwamba ni vya mpingo. Neno hilo halikutamkwa na mtu yeyote Kangemi. Lilikuwa likitokea baadaye, mahali fulani kati ya mjini na duka la ng'ambo, juu ya kikaratasi kidogo chenye bei.

Msomaji ataona sasa kwa nini jibu nililoliandika ubaoni halikumtosha kijana huyu. Kama uongo ni kusema jambo lisilo kweli, basi nyumbani kwao hakuna mwongo. Hata hivyo alijua, kwa ujuzi ule ambao mtoto huupata kabla hajaweza kuueleza, kwamba mtu fulani mahali fulani anadanganywa, na kwamba vidole vyake ndivyo vinavyofanya hivyo.

Nilimwuliza baba yake waziwazi. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo mara nyingi kuliko mimi, akanipa majibu yake moja baada ya jingine, bila kuiacha tezo.

Kwanza, alisema, bei anayolipwa si bei ya mpingo. Kama kuna anayekula faida ya jina hilo, si yeye. Pili, kila mtu aliye katika biashara hii anajua. Fundi wa samani hupaka mbao za msonobari rangi ya kahawia, na hakuna anayemwita mwizi. Tatu, na hapo alisimamisha mkono, mpingo wenyewe unakwisha. "Niambie, mwalimu," alisema, "ni nani anayedhulumu zaidi: mimi ninayeupaka mjakaranda rangi, au yule anayekata mpingo wa mwisho ili aseme kweli?"

Swali hilo lilinikaa rohoni siku nyingi, maana ni swali zuri kuliko langu la darasani. Mpingo ni mti unaokua polepole mno. Mche ukipandwa leo, wajukuu wa mpandaji ndio watakaoukata, kwa kuwa huhitaji miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kufaa. Tena weusi wake hukaa katika moyo tu, nje una ukingo wa rangi ya manjano ambao mchongaji huuondoa. Mti huohuo hutafutwa pia na watengenezaji wa zumari na klarineti za Ulaya. Tangu mwaka 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mapatano ya mataifa ya kulinda viumbe walio hatarini. Muhugu nao, mti mwingine uliopendwa sana na wachongaji, ulikatwa kwa wingi kutoka misitu ya pwani na misitu ya karibu na Nairobi. Mjakaranda, kinyume chake, uliletwa kutoka Amerika ya Kusini ili upambe barabara, hukua upesi, na unapokatwa hakuna msitu unaolia. Ikiwa uongo unaokoa msitu na ukweli unaumaliza, tutamfuata nani?

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Thailand, karibu na mji wa Chiang Mai, kipo kijiji kiitwacho Ban Tawai ambacho watu wake huishi kwa kuchonga mbao na kuziuza nchi za nje, jamaa kwa jamaa, kama hawa wa Kangemi. Mti wao wa fahari ulikuwa msaji. Misitu ilipokwisha kukatwa kupita kiasi, na mafuriko makubwa yakaua watu mwaka 1988, serikali yao ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya asili mwaka 1989. Wachongaji wakageukia mbao za nyumba kuukuu na miti mingine ya thamani ndogo, na wapo waliopata sifa ya kukifanya kitu kipya kionekane kuwa cha kale. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mzee wangu na tezo yake. Upungufu wa mti mmoja huzaa kishawishi kilekile katika pande mbili za bahari.

Hata hivyo, baada ya kulitafakari, naona hoja ya mzee ina tundu. Rangi ya viatu huuokoa mpingo mmoja leo, lakini hukuza ile tamaa ya weusi inayoumaliza mpingo. Mtu wa ng'ambo anayenunua swala mweusi kwa bei ndogo hurudi nyumbani akiamini kwamba mpingo ni mwingi na rahisi, wala hawezi kuuhurumia mti ambao rafu za maduka zimejaa. Kama angejua kuwa alichonunua ni mjakaranda, na kwa nini, angekuwa amejifunza kitu juu ya misitu yetu. Ukimya wa Kangemi unamnyima elimu hiyo. Nami najua kwamba jambo hili linawezekana kufanywa kwa njia nyingine, kwa kuwa limefanywa. Katika miaka ya 1990 wachongaji wa Mombasa na Malindi walihimizwa na watu wa kuhifadhi misitu watumie mwarobaini, mti ulioletwa kutoka bara la Hindi na ambao sasa umejaa pwani yote. Waliutumia kwa jina lake mwenyewe, wakauza, na baadaye wengine wao wakapata cheti cha kuonyesha kwamba miti yao imetoka mahali panapotunzwa. Sisemi ilikuwa rahisi. Nasema mwarobaini haukulazimika kujifanya mpingo.

Hoja ya fundi wa samani nayo inafaa kupimwa, maana wanafunzi wengi wataikimbilia. Ni kweli kwamba kupaka rangi peke yake si udanganyifu. Mwanamke anayetia hina hadanganyi kwamba amezaliwa na viganja vyekundu. Kuna rangi inayosema "nitazame," na kuna rangi inayosema "mimi ni fulani." Ya kwanza ni pambo, ya pili ni ushahidi, na shahidi hupimwa kwa ukweli hata akinyamaza. Meza ya msonobari iliyopakwa kahawia huuzwa kuwa meza. Swala mweusi huuzwa kuwa mpingo. Ukimwondolea jina hilo, bei inashuka. Hapo ndipo pa kuangalia.

Watu wa zamani waliliona jambo hili kabla yetu. Mrumi Cicero, alipomwandikia mwanawe juu ya wajibu wa mtu mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza habari ya mfanyabiashara aliyefika na nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba nyuma yake merikebu nyingine nyingi zinakuja na nafaka. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze na auze kwa bei kubwa? Wenye hekima wawili walibishana juu yake. Mmoja alisema kutosema si kuficha, maadamu hakuna uongo uliotamkwa. Wa pili alisema wanadamu ni jamaa moja, na ndugu hafaidi kwa ujinga wa ndugu yake. Cicero alikuwa upande wa huyu wa pili: aliona kwamba mtu huwa anaficha pale anapotaka, kwa faida yake mwenyewe, yule mwingine asijue jambo ambalo lingemfaa kujua. Na sisi tuliolelewa karibu na Waislamu tunaijua habari ya Mtume Muhammad aliyepita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini imelowa. Mwenye mali alisema ni mvua. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba nafaka ni kavu. Lakini aliulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona, na yakafuata maneno makali juu ya wenye kudanganya.

Mkono ule ulioingia katika nafaka hunirudisha nyuma ya nyumba ya Kangemi. Kazi yote ya jamaa wale hufanyika mbele, kando ya njia, watu wakipita na kusalimu: msumeno, tezo, msasa, hata nta. Kazi moja tu hufanyika nyuma. Sikuhitaji mwanafalsafa kunieleza maana yake. Mzee alijua, kwa sababu mtu haendi kujificha na kitu safi. Na kazi hiyo ya nyuma ndiyo aliyompa mwanawe.

Lakini hapa ni lazima nijizuie, maana ni vyepesi sana kwa mwalimu mwenye mshahara kumhukumu mchongaji. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulitakiwa, kwa somo la kazi za mikono, kila mmoja achonge mwiko. Mimi sikuwa na mkono wa kuchonga. Nilikwenda sokoni nikanunua mwiko mzuri, kisha nikaukwaruza kwa kipande cha chupa ili uonekane ni kazi ya mtu anayejifunza. Mkufunzi aliugeuza, akaupenda, akanipa alama nzuri. Hakuniuliza kama nimeuchonga mwenyewe, nami sikusema neno. Miaka zaidi ya kumi imepita, na cheti changu, ambacho ndani yake zimo alama za mwiko ule, ndicho kinachonipa haki ya kusimama mbele ya watoto na kuwauliza uongo ni nini. Mzee wa Kangemi hufanya cheusi kile kilicho cheupe apate kula. Mimi nilikifanya kibaya kile kilicho kizuri nipate kusifiwa. Nikitupima sote wawili, sioni kwamba mizani inalala upande wangu.

Basi ni nani mwongo katika habari hii ya vinyago 60? Mama anayepiga msasa? Kijana anayepaka? Baba anayekabidhi? Mchuuzi anayetaka vyeusi bila kusema vya nini? Mwenye duka anayeandika kikaratasi? Kila mmoja ana kisehemu kidogo tu, na kila mmoja anaweza kusema kwamba bila wengine kisehemu chake si kitu. Ndivyo udanganyifu mkubwa wa ulimwengu unavyofanywa siku hizi, kwa mikono mingi isiyojuana. Wengi hudhani kwamba hatia hugawanywa kama nyama, kwamba watu wakiwa wengi kila mmoja hupata kipande kidogo. Mimi sidhani hivyo. Kila mtu huubeba ukamilifu wa kile alichokifanya yeye. Lakini nakubali kwamba mizigo hailingani, na kipimo changu ni hiki: aliye na uwezo zaidi wa kusema kweli bila kulala njaa, huyo analaumiwa zaidi anaponyamaza. Kwa kipimo hicho mwenye duka ndiye wa kwanza, mchuuzi wa pili, mzee wa tatu. Kijana simtii katika hesabu, ingawa yeye ndiye pekee aliyejitia.

Na mimi je? Shule ninayofundisha hudai malipo ya chakula cha mchana na michango mingine, na baba yule hulipa kwa fedha za swala weusi. Kila muhula rangi ile ya viatu imepita mikononi mwa karani wetu. Sikuwahi kuiona hapo.

Nilimwambia mzee fikira zangu, bila kuzipunguza na bila kuificha habari ya mwiko. Alicheka sana juu ya mwiko, akamwita mkewe aje aisikie. Kisha akanyamaza. Nilipokuwa nikiaga aliniambia kwamba maneno ni ya kweli, na kwamba muhula unafunguliwa baada ya majuma matatu.

Kilichofuata nilikipata kwa kijana. Juma lile lile baba yake aliliondoa beseni nyuma ya nyumba, akaliweka mbele, kando ya njia, pamoja na kazi nyingine. Hakutoa sababu. Watu wakawa wanapita na kuona mjakaranda mweupe ukigeuka mweusi. Dereva mmoja wa matatu alisimama, akacheka, akauliza kama na viatu vyake vinaweza kuwa mpingo. Tena chini ya kila kinyago, penye kwato, mzee alichoma kwa msumari wa moto herufi za jina la mti. Mchuuzi alipokuja kuchukua mzigo alivipindua, akaviona, akauliza ni nani aliyemwomba aandike. Akasema maduka hayataki vitu vyenye maandishi. Baada ya maneno mengi alivichukua vyote 60, lakini kwa bei iliyopungua, akisema kwamba itambidi alipe mtu wa kuzikwangua zile herufi. Kama zilikwanguliwa au zilifika huko ziendako, hakuna anayejua Kangemi.

Fedha zilizopungua zilikuwa zile za shule. Muhula ulipofunguliwa kijana huyu alikuwa miongoni mwa wale ambao hawakukamilisha, na majina yao yalipoletwa darasani ili warudishwe nyumbani, orodha ile niliitia sahihi mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mwalimu wa darasa. Alichukua mfuko wake, akatoka bila kunitazama. Siku ya tano alirudi na stakabadhi ya nusu ya malipo. Vidole vyake bado vilikuwa vyeusi. Aliketi mahali pake, akafungua daftari, nami nikaendelea na somo pale tulipokuwa tumefika.